Nguo ya Aliyetangulia

Barazani kwa Thadei, mtaa wa Bombambili mjini Songea, sakafu ya saruji ina vishimo vinne vidogo. Hapo ndipo ilipokaa miguu ya cherehani yake. Mvua ikinyesha kwa upepo, vishimo hujaa maji na kuku wa jirani huja kunywa. Cherehani yenyewe haipo. Ilipoondoka, majirani walichukua muda kutambua walichokosa. Walihisi tu kwamba mtaa umepwaya, kama gauni lililoshonwa bila vipimo. Kisha asubuhi moja mama mmoja aliyekuwa akichambua mboga alisimamisha mikono, akasikiliza, akauliza, "Hivi fundi mbona siku hizi hakanyagi?" Waliokuwa karibu naye waliendelea kuchambua. Habari za Maposeni walikuwa nazo wote, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzisema.

Thadei alikuwa fundi wa nguo mpya. Ndivyo alivyojiita mwenyewe. Kushona alifundishwa na bruda mmoja wa misheni, mtu mkali, ambaye kabla ya kuitazama nguo aliigeuza kwanza ndani nje akakagua mishono. Katika miaka ya mgao, watu walipopanga foleni kwenye duka la ushirika, kitambaa kilikuwa cha shida, lakini aliyekipata hakuwa na pa kukipeleka ila kwa fundi. Gauni za Pasaka, suruali za komunio, sare za shule, zote zilipita chini ya sindano ya Thadei.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Ushirika ukafunga duka lake, na malori yakaanza kushusha mabelo ya mitumba sokoni. Wazee waliziita nguo hizo kafa ulaya, wakiamini kwamba kila shati lilikuwa na mwenyewe aliyekwisha kuzikwa huko lilikotoka. Vijana hawakujali. Shati zuri lilipatikana kwa bei isiyotosha hata kulipia ufundi. Haikuchukua misimu mingi Thadei akajikuta anakata miguu ya suruali za watu warefu asiowajua ili ziwaenee vijana wa Bombambili.

"Sasa mimi ni fundi wa marehemu," alimwambia mkewe jioni moja. "Nawapunguzia urefu."

Lidwina alicheka mpaka akashika kiuno. Siku hizo kila kitu kilimshika kiuno, maana mimba ilikuwa imekwisha kuonekana. Ilikuwa ya kwanza. Ndoa yao ilikuwa imekaa kimya muda mrefu, hadi watu wakaanza kuuliza kwa macho, kisha kwa mdomo. Kwa hiyo mimba ilipokuja waliipokea wote wawili kama watu walioazimwa kitu cha thamani: wakatembea nacho polepole.

Lidwina alikuwa na matayarisho yake. Alifua kanga zake kuukuu mara nyingi ili zilainike. Alitafuta beseni lisilo na ufa. Jioni alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akausikiliza mlio wake, na mara kwa mara akauchukua mkono wa mumewe kutoka kwenye kitambaa akauweka tumboni.

"Sikia. Huku anapiga. Na huku pia, kwa wakati mmoja."

"Huyo fundi huyo," Thadei alisema. "Anakanyaga kwa miguu yote miwili."

Thadei naye alikuwa na lake, moja tu. Alitaka nguo ya kwanza kugusa mwili wa mwanawe iwe imetoka mikononi mwake. Vingine vyote angeviachia wanawake na Mungu. Lakini nguo hiyo, hapana. Chini kabisa ya sanduku lake la bati kulikuwa na kipande cha kitambaa alichokinunua siku za mwisho za duka la ushirika, kabla hata hajaoa. Kilikuwa cha pamba, kizito, chenye manyoya mepesi upande wa ndani, rangi ya maziwa, na vinyota vya bluu vilivyotawanyika. Wateja wengi walikitaka. Aliwaambia kina mwenyewe. Sasa mwenyewe alikuwa njiani.

Mara moja Hilda alikuja na furushi. Hilda alitokea Msamala, na sokoni alikuwa na meza ya mitumba ya watoto. Yeye na Lidwina walikuwa marafiki tangu usichana. Aliketi barazani, akafungua kanga, akatoa visweta viwili vya sufu vya kijani, vinavyofanana kama macho, na soksi.

"Hivi sitaki hela," alimwambia Lidwina. "Mtoto akikua utanirudishia, nikamuuzie mwingine."

Thadei aliacha kukanyaga. "Hilda, vikunje urudi navyo."

"Vimekukosea nini, shemeji?"

"Mwanangu hawezi kuanzia maisha ndani ya nguo ya marehemu."

Hilda alivisha soksi moja kwenye kidole gumba chake, akakiinua. "Marehemu gani huyo, mwenye mguu huu?"

"Ndiyo mbaya zaidi," Thadei alisema.

Hilda akamtazama Lidwina, Lidwina akatazama sakafu. Furushi likafungwa. "Haya, fundi wa nguo mpya," alisema akisimama. "Ila Juni inakuja, na baridi ya hapa unaijua." Akaondoka, na Thadei akarudi kwenye kazi yake akijiona mtu aliyelinda mlango wa nyumba.

Kwa desturi ya kwao Lidwina, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama. Kwa hiyo muda ulipokaribia, mama yake, Severina, alikuja kutoka Maposeni kumchukua. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkulima, asiyepoteza maneno. Alikikuta kitambaa kimetandazwa mezani na alama za chaki juu yake.

"Mkwe, hii ya nani?"

"Ya mtoto, mama."

"Mtoto yupi? Mimi namwona Lidwina na tumbo lake. Mtoto sijamwona."

Thadei alikunja mikono kifuani kwa heshima.

"Kwetu hatumshonei mtu ambaye hajafika," Severina alisema, bila ukali. "Akifika tukamwona yukoje, shona mpaka uchoke. Kabla ya hapo unamwita kwa jina lisilo lake."

"Nimekusikia, mama."

Alikuwa amesikia kweli. Lakini fundi ana akili yake. Mama na binti walipoondoka, Thadei alikata kitambaa chote, gauni dogo la mikono mirefu lenye kamba mgongoni, pamoja na kofia, na hakikubaki kipande cha maana. Akaunga kila mshono, akaugeuza ndani nje na kuukagua jinsi alivyofundishwa na bruda. Ila mkono wa kushoto hakuuunga. Aliuacha umelala peke yake juu ya meza. Nguo isiyo na mkono si nguo, alijiambia. Ahadi kwa mama mkwe nimeitunza. Kwa wiki kadhaa aliipita kila siku, akiigusa kidogo, na nyumba ilikuwa na ukimya mtamu wa mtu anayemngoja mtu.

Rupert, mdogo wake Lidwina, alifika kwa baiskeli asubuhi ya ukungu, mapema kuliko ilivyotazamiwa.

"Shemeji, dada amejifungua. Mama anasema uje."

"Wa kike au wa kiume?"

Rupert alijishughulisha na mnyororo wa baiskeli. "Uje uone mwenyewe."

"Ndiyo nini sasa? Huna macho?"

"Ninayo. Sina ruhusa."

Thadei alidhani ni utani wa mashemeji. Hakujua kwamba kwao Rupert habari ya namna ile haisemwi njiani. Husemwa nyumbani, na wakubwa. Alimpa Rupert uji, na Rupert alipokuwa akinywa, yeye alikaa kwenye cherehani akauunga mkono wa kushoto. Ulikuwa mshono mfupi. Baadaye aliukumbuka kuwa mshono wa raha kuliko yote aliyopata kushona.

Maposeni mahindi yalikuwa yamerundikwa uani, hayajapukuchuliwa. Severina alisimama mlangoni, kwa kuwa mwanamume haingii nyumba ya uzazi kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshika nini?"

Alifungua karatasi aliyoifungia nguo. Severina aliitazama nguo. Aliitazama muda mrefu kuliko inavyotazamwa nguo.

"Ni moja?"

"Moja, mama. Na kofia yake."

Severina akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na furushi la kanga kifuani, na nyuma yake alitoka dada yake, Kunegunda, mkunga, naye akiwa na furushi. Furushi la Kunegunda lilikuwa dogo zaidi. Thadei alitazama hili, akatazama lile, na akili yake ikabaki katikati.

"Aliyetangulia ni wa kike," Severina alisema. "Huyu wa nyuma ni wa kiume. Ni njiti wote, lakini wanalia."

Thadei alicheka, akalia, akafuta pua kwa mkono kama mtoto. Kisha, kwa kuwa nguo ilikuwa mikononi mwake na alikuwa ameingoja siku hii, aliinyoosha kuelekea furushi kubwa.

"Hapana," Severina alisema. "Pacha hawatenganishwi kwa nguo. Wakivaa, wavae wote. Wasipovaa, wasivae wote. Irudishe kwenye karatasi. Kanga zangu na vifua vyetu vinawatosha kwa sasa."

"Mama, ni ya muda mfupi tu. Nitashona ya pili."

"Kitambaa unacho?"

Hakuwa nacho. "Nitakipata," alisema.

"Basi usihangaike na hiki. Nenda sokoni, lete visweta viwili vinavyofanana. Hata leo jioni vitawafaa."

Alizijua sweta hizo. Alizijua hata rangi yake. Na hapo, kutoka gizani ndani, ikaja sauti ya Lidwina, nyembamba, yenye usingizi wa uchovu: "Mama, mwache mmoja avae. Ameishona kwa moyo wake wote. Ya pili ataileta."

Ilikuwa sauti ya mke aliyekaa kwenye kigoda miezi yote ile akisikiliza cherehani. Severina alikuwa na neno, ila hakutaka kumnyima kitu binti aliyetoka kuzaa. Wakamvalisha aliyetangulia. Mikono ilikuwa mirefu, wakaikunja. Vinyota vya bluu vilipanda na kushuka juu ya kifua kidogo, na Thadei akasimama mlangoni akitazama, na kwa muda huo dunia haikuwa na deni lolote naye.

Alirudi Songea kwa baiskeli bila kupumzika. Sokoni Hilda alimwona kwa mbali.

"Fundi, umepata nini?"

"Pacha."

Hilda alipiga vigelegele mpaka wauza dagaa wakageuka. Kisha akainama chini ya meza. "Visweta vyako hivi hapa. Nilivificha, sijui kwa nini nilivificha. Chukua, peleka leo leo."

Vilikuwa mbele yake, vimekunjwa, vya kijani. Thadei alivitazama. Alimfikiria binti yake ndani ya vinyota, akafikiria kumvua ili avae hivi. "Asante, Hilda," alisema. "Nina kitambaa."

Hakuwa na kitambaa. Alipita duka baada ya duka. Vitambaa vilikuwa vingi kuliko alivyopata kuona maishani, vinang'aa, vyepesi, vinateleza mkononi. Kile cha ushirika hakikuwepo, na kiwanda kilichokifuma, walimwambia, kilikuwa kimezimwa. Mwenye duka mmoja alikumbuka kwamba siku ya mwisho ya duka la ushirika fundi mmoja wa Namtumbo naye alikata kipande. Anaitwa Daimu. Thadei akapata nafasi juu ya lori lililokuwa linakwenda kuchukua tumbaku. Lori likaharibika njiani, wakalala porini, wakingojea kipuri.

Daimu alimpokea vizuri. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya kazi ya mkono. Alisikiliza habari yote, akaita ndani, na mkewe akaleta shuka ndogo ya mtoto: rangi ya maziwa, vinyota vya bluu, iliyofifia kwa kufuliwa.

"Huyu wetu amekua, alhamdulillahi," Daimu alisema. "Chukua. Kata hapa hapa, cherehani hiyo."

Thadei alikata, akashona. Daimu alikaa kwenye mkeka akimtazama anavyogeuza mishono ndani nje.

"Umewaacha tangu lini?"

Thadei akamwambia.

"Na huyu wa pili, anavaa nini?"

"Kanga za bibi yake."

Daimu alisugua goti lake. "Ndugu yangu, mimi si wa kukufundisha. Lakini mtoto havai vinyota. Anavaa joto."

Thadei alipitisha kamba mgongoni mwa nguo, akakata uzi kwa meno.

Alifika Maposeni na nguo ya pili ndani ya shati, dhidi ya kifua chake, ili isiingie vumbi. Rupert alimwona kutoka kwenye rundo la mahindi, akaja akamshikia baiskeli bila salamu. Hapo Thadei alijua. Uani wanawake walikuwa wameketi chini, kanga zimefungwa kichwani. Hakuna aliyelia kwa sauti. Kwa mtoto ambaye kitovu chake hakijadondoka hawalii kwa sauti.

Kunegunda ndiye aliyemweleza, kwa kuwa Severina hakutaka kusema. Yule wa kiume alianza kukohoa siku ya pili, kikohozi kidogo kama cha paka. Wakampeleka hospitali ya misheni, masista wakampokea, wakafanya yote yaliyowezekana kufanywa. Njiani kwenda huko Kunegunda alimbatiza kwa maji ya kunywa, akampa jina Eusebi. Alikufa alfajiri iliyofuata. Sista alisema ni kichomi: alikuwa mdogo mno na baridi ilimwingia. Walimzika wenyewe, wanawake watupu, migombani nyuma ya nyumba, kama ilivyo desturi. Mwanamume haonyeshwi mahali.

"Na mama anasemaje?" Thadei aliuliza.

"Mama anasema mtoto alimwona mwenzake amevaa."

Thadei alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Aliyageuza maneno ya sista na maneno ya mama mkwe wake, ndani nje, akitafuta mshono ulioachia. Hakuupata. Aliona kwamba wote wawili wamesema jambo moja.

Baadaye Severina alitoka na mtoto aliyebaki. Alikuwa amefungwa kanga tupu.

"Nguo yake iko wapi, mama?"

"Anayo mwenzake." Severina alimpanga mtoto vizuri mkononi. "Tulimvua huyu tukamvalisha yule. Asiende huko akimdai mwenzake."

Thadei akaingiza mkono ndani ya shati akaitoa ya pili. Ilikuwa bado na joto la mwili wake. Aliinyoosha, na hakuna mkono uliokuja kuipokea. Severina hakuikataa kwa neno. Aliitazama tu, kisha akaingia ndani na mlango ukabaki wazi kidogo. Kwa upenyo huo Thadei alimwona Lidwina amelala amegeukia ukutani.

Akamwomba Rupert wembe. Alikaa palepale juu ya kinu akaifumua ile nguo, mshono kwa mshono, akianzia mkono wa kushoto. Alifumua kwa uangalifu asikate uzi wa kitambaa. Alipomaliza alikunja vipande, na kwa lori la kwanza alilolipata alimtumia Daimu.

Lidwina alirudi Bombambili baada ya mahindi kupukuchuliwa, na mtoto mgongoni, amebatizwa Benigna, amevaa sweta ya kijani. Thadei hakuuliza imetoka wapi. Waliongea juu ya jambo lile mara moja tu, Lidwina akimnyonyesha mtoto, Thadei akitia mafuta kwenye cherehani ambayo haikuwa na kazi.

"Mimi ndiye niliyesema mmoja avae," Lidwina alisema.

"Najua."

"Na wewe ndiye uliyekuwa na njia ya kupita kwa Hilda."

"Nilipita kwa Hilda."

Lidwina aliinua uso. Hakuwa amejua hilo. Thadei alimweleza, visweta vilikuwa viwili, vimekunjwa, na Hilda alisema peleka leo leo. Mkewe alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamhamishia Benigna titi la pili, akaendelea kumtazama mtoto, na tangu jioni hiyo hakukaa tena kwenye kigoda karibu na cherehani.

Cherehani ilinunuliwa na mtu wa Mbinga, ikapakiwa juu ya basi ikiwa imefungwa kwa turubai. Meza ya kukatia ilifuata. Walipata watoto wengine, mmoja mmoja, na kabla ya kila mmoja hakuna kilichotayarishwa, hata beseni.

Thadei yuko sokoni Songea. Ana meza ya mitumba ya watoto, ya pili kutoka kwa Hilda, na hufungua kila siku isipokuwa Jumapili.